Mume wangu akirudi kazini anakaa kwenye gari nje ya geti nusu saa ndo aingie ndani. Hii ni nini?

#1 Mama Wawili Tabata
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo, matusi wekeni pembeni.

Niko kwenye ndoa, si changa si kongwe, tuna watoto wawili. Mume wangu si mlevi, hanipigi, hela ya matumizi anaacha mezani kila asubuhi bila kukumbushwa. Shida yangu ni moja. Akirudi jioni namsikia anapaki nje ya geti, injini inazimwa, halafu kimya. Haingii. Anakaa humo humo kiti kakilaza nyuma, redio chini chini, hata nusu saa. Mwanzoni nikajua anaongea na simu, nikamtuma mtoto mkubwa akachungulie, akarudi akaniambia baba anaangalia tu. Anaangalia nini? "Anaangalia tu mama."

Akiingia ndani ni salamu, kuoga, kula, basi nimechoka mama nanii. Na mimi siku nzima niko na watoto na kaduka kangu ka vipodozi, namsubiri mtu mzima mwenzangu tuongee. Nikimwambia kaa tuongee anauliza kwani kuna tatizo? Nikinuna anakaa mbali, nikimfuata anatoka kabisa anaenda kukaa na wenzake hapo kwa fundi magari. Nikipandwa na hasira namwandikia meseji ndefu akiwa kazini, anajibu "sawa". Meseji ya ukurasa mzima, sawa!

Dada yangu anasema huyo ana mchepuko, nisijidanganye. Shoga yangu aliyesoma saikolojia anasema sisi tumekutana watu wa aina mbili, mimi wa kuganda yeye wa kukimbia, na kwamba mambo haya yanaanzia utotoni. Nimwamini nani? Na nyie ambao wenza wenu wako hivi mnaishije?

#2 Jembe la Kigamboni
Nimewahi siti ya mbele. Muuza bisi pita huku.

#3 Bachela wa Kudumu
Gari lake, mafuta yake, nusu saa yake. Mwanaume anakodi amani kwa nusu saa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kataa ndoa.

#4 Nyanya Chungu
Bachela wewe kila uzi wa ndoa umo, mbona huendi kwenye nyuzi za ufugaji wa kuku?

#5 Konda Mstaafu
Mtoa mada mumeo anafanya kazi gani na anapita barabara gani? Nauliza kwa maana. Mimi nimekaa mlangoni mwa daladala miaka mingi, nikishuka jioni masikio yanalia yenyewe, mtoto akiniita baba naona kama ananipigia honi. Mke wangu wa kwanza alikuwa anadhani nimemchukia. Sijamchukia mtu, kichwa kilikuwa bado kiko barabarani.

#6 Mama Wawili Tabata
Konda yuko bandarini, mambo ya kutoa mizigo ya watu. Simu inaita toka asubuhi, kila mtu kontena lake limekwama. Na kurudi ni barabara ya Mandela na yale malori.

#7 Konda Mstaafu
Basi mimi nimemaliza. Mandela jioni hata malaika angekaa kwenye gari kwanza.

#8 Kijana wa Makongo
Wakuu acheni ushabiki, hili jambo lina elimu yake. Huyo shoga yake yuko sahihi. Inaitwa nadharia ya mafungamano, yaani jinsi mtu anavyojifunga kwa watu wake wa karibu tangu utotoni, na utafiti wake ulifanyika hapo jirani Uganda na Mwingereza mmoja Mary Ainsworth, alikuja kuchunguza ndoa za Waganda akagundua watu wako makundi matatu. Kuna wenye utulivu, hawa ukiwa karibu sawa, ukiwa mbali sawa. Kuna wenye wasiwasi, hawa usipojibu meseji wameshakuzika na wameshalia matanga. Na kuna wakwepaji, ukimsogelea anarudi nyuma. Mtoa mada ni wasiwasi, mumewe mkwepaji, na ndio mchanganyiko mgumu kuliko yote, kila mmoja anamthibitishia mwenzake hofu yake. Unavyomfuata anaona kweli mapenzi ni kubanwa, anavyokimbia unaona kweli utaachwa. Ukishazaliwa mkwepaji ndio hivyo mpaka kaburini, cha kufanya ni kukubali.

#9 Mwalimu wa Zamu
Kijana wa Makongo umeleta jambo zuri ila umelikoroga.

Kwanza Ainsworth si Mwingereza. Alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1913, akakulia Toronto. Mwingereza ni John Bowlby, daktari aliyefanya naye kazi London, ndiye baba wa hiyo nadharia. Mume wa Ainsworth alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, mama akafuata mume, ndo wakatua Kampala mwaka 1954.

Pili hakuchunguza ndoa hata moja. Alichunguza vichanga. Familia 26 kwenye vijiji vya jirani na Kampala, watoto 28. Alikuwa anakwenda na mkalimani mchana, muda ambao kina mama wa Kiganda wanapokea wageni, anakaa nao sebuleni kwa muda wa kama masaa mawili, anaangalia tu. Mama akitoka chumbani mtoto anafanyaje? Akirudi je? Mgeni akimbeba? Alikuwa amesikia kwamba Waganda mtoto akiachishwa ziwa anapelekwa kwa bibi, akataka kuona huko kutengana kunamfanya nini mtoto, kufika akakuta wengi wameshaiacha hiyo desturi, ikabidi aangalie mengine. Watoto 16 akawaona wametulia na mama zao, 7 wana mashaka, na 5 bado hawajaonyesha kumng'ang'ania mtu maalumu. Hayo makundi matatu unayoyasema yalipangwa vizuri baadaye sana, Baltimore kule Marekani, kwenye chumba chenye midoli, mtoto wa kama mwaka mmoja, mama anatoka kidogo halafu anarudi.

Hapo kuna kitu mtoa mada kitakufaa. Kuna mtoto mama akirudi wala hamwangalii, anaendelea na mdoli wake. Ukimwona utasema huyu hana habari. Miaka ya 70 watafiti wengine wakaja kupima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, wakakuta moyo unakwenda mbio kama wa wale wanaolia. Kutulia ilikuwa ya usoni tu.

Habari ya wapenzi ilikuja mwaka 1987, watafiti Hazan na Shaver waliweka dodoso kwenye gazeti la Denver, Marekani, wasomaji wakajipima wenyewe. Kama asilimia 56 wakajiona watulivu, 25 wakwepaji, 19 wenye wasiwasi. Hiyo ya "mpaka kaburini" sijui umeitoa wapi, Bowlby mwenyewe alikuwa anasema mtu anaweza kubadilika akipata watu wengine wa kumwegemea.

#10 Jembe la Kigamboni
Gazeti la Denver ndo lije liamue ndoa ya Tabata?

#11 Kijana wa Makongo
Mwalimu sawa kuhusu Ohio. Ila kubadilika bado nakataa, nimeishi na mkwepaji, najua ninachosema.

#12 Nyanya Chungu
Kumbe una kidonda binafsi. Lete stori.

#13 Kijana wa Makongo
Siku nyingine.

#14 Bi Mkubwa Chumbageni
Wanangu salamu. Mnatafuta mbali, hadi Marekani huko. Kwetu Tanga nyumba ilikuwa na baraza. Mwanamme akirudi haingii ndani moja kwa moja, anakaa pale, anakunywa kahawa, anasalimiana na wapita njia, magharibi anakwenda kuswali, akiingia ndani ameshakuwa mtu. Na sisi uani na majirani, tunachambua mchele, tunasutana, tunacheka. Ikifika usiku kila mmoja ana hamu na mwenzie maana kutwa hamkuonana. Hapakuwa na mtu wa kuganda wala wa kukimbia, nyumba yenyewe ilikuwa inakupangia. Sasa mmejenga ukuta na geti la chuma, ndani kochi moja na televisheni moja, jirani humjui jina. Mnataka mtu mmoja awe mume, awe shoga, awe jirani, awe somo. Gari ndio baraza lake huyo bwana, mwacheni.

Na somo yangu alinifunza, mume akiingia usimpe habari ya luku imeisha kabla hajavua viatu.

#15 Nesi wa Usiku
Bi Mkubwa shikamoo. Nimekuelewa sana ila swali, baraza la mwanamke wa leo liko wapi? Kwa sababu huo uani umekufa, hilo umesema mwenyewe. Uzi mzima watu wanamtafutia mume wa mtoa mada nusu saa yake, hakuna hata mmoja aliyeuliza mke ana nusu saa gani.

Mimi natoka zamu asubuhi, macho mekundu, nikifungua mlango ni mama chai, mama sare yangu, mama nanii kanipiga. Mume wangu naye mtu wa spesi, kaniambia wazi kabisa akitoka kazini asisemeshwe. Sawa. Mimi spesi yangu ni bafuni. Nafungulia bomba ndoo ijae taratibu wajue naoga, nimekaa juu ya stuli ya plastiki nimeegemea ukuta. Ndoo ikijaa naimwaga nusu nafungua tena. Sasa nikifanya mimi hivyo hakuna anayeniita mkwepaji wala hakuna wa kuniandikia uzi, kwa sababu hakuna anayejua.

#16 Mama Wawili Tabata
Nesi umenigusa. Sikuwahi kufikiria kwamba na mimi ninaweza kutaka kuwa peke yangu, nilijua natakiwa nitake watu.

#17 Konda Mstaafu
Nesi maji ya DAWASA ni ya kulipia lakini.

#18 Nesi wa Usiku
Nina kisima 😂

#19 Bi Mkubwa Chumbageni
Marahaba Nesi. Hilo la mwanamke kukosa pa kukaa ni kweli, sikatai. Lakini na nyie wenyewe jirani akija mnamwona mbea.

#20 Roho Mkononi
Jamani na mimi ngoja niseme, mcheke tu. Mimi ni mwanaume na mimi ndio ninayeganda. Mke wangu Mpare, mtulivu, ana jambo la kwenda kwa dada yake wikiendi halafu simu anaiacha kwenye pochi. Mimi huku naangalia WhatsApp, alikuwa hewani saa nne na dakika kumi, meseji yangu ya saa nne na dakika tano haijafunguliwa, hapo nimeshaandika talaka kichwani, nimeshagawana naye vyombo. Nililelewa kwa kuzungushwa, mwaka huu kwa shangazi, mwaka ujao kwa mama mdogo, kila nikizoea mahali begi linafungwa. Yeye alipelekwa bweni akiwa mdogo sana, kajifunza kujimaliza mwenyewe, akiwa na shida anajifungia chumbani akitoka imeshaisha.

Kilichotusaidia hakikuwa mimi kupunguza kupenda wala yeye kuongeza. Ni kwamba siku hizi akitaka kuwa peke yake ananiambia anarudi saa ngapi. Sio rudi ya kutoka nje, hata kama yuko chumba cha pili. "Niache mpaka saa tatu halafu tutaongea ile ishu ya ada." Na saa tatu anakuja kweli. Mimi hicho ndicho nilikuwa nakikosa, sio yeye kuwa mbali, ni kutojua mwisho wa huo umbali. Kusubiri kwenye saa kunawezekana, kusubiri bila saa ndo kunanifanya niandike meseji za ukurasa.

#21 Jembe la Kigamboni
Umegawana vyombo kichwani hahahaha. Blenda alichukua nani?

#22 Roho Mkononi
Blenda nilimwachia, mimi nikachukua jiko la gesi.

#23 Mtoto wa Bweni
Roho Mkononi hapo kwenye bweni napinga. Mimi nimekaa bweni kuanzia darasa la pili mpaka kidato cha sita na nang'ang'ania watu kukuzidi wewe. Jumapili ya kutembelewa wazazi wa wenzangu wanakuja na vyakula, wangu wanakuja mara moja moja, hadi leo mtu akiniambia "nitakuja" silali. Bweni lile lile limemtoa mkeo mkavu na mimi hivi. Kwa hiyo msiwe mnasema bweni linafanya hiki.

#24 Mwalimu wa Zamu
Mtoto wa Bweni uko sahihi. Hata nchi hivyo hivyo. Kuna mapitio ya mwaka 1988 yaliyokusanya tafiti 32 za watoto kutoka nchi 8, wakakuta Ujerumani Magharibi wakwepaji wengi kidogo, Japani wenye wasiwasi wengi kidogo, lakini tofauti kati ya utafiti na utafiti ndani ya nchi moja ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya nchi na nchi. Ukisema Wapare hivi Wahaya vile unajifurahisha tu.

#25 Mpare Asilia
Asante Mwalimu, nilikuwa nimeshavua koti.

#26 Mzee wa Ukweli Mchungu
Mmezunguka Kampala, Ujerumani, Japani. Huyo ana mchepuko. Mwanaume mwenye amani hakai kwenye gari. Anafuta meseji, ananyunyiza marashi, anatunga uongo wa jioni, ndo nusu saa hiyo. Mtoa mada siku moja toka nje ghafla ufungue mlango wa gari.

#27 Fundi Wiring
Mzee wa Ukweli hujui hii kazi kabisa. Mtu mwenye mchepuko hizo nusu saa anazitumia kule kule kwa mchepuko, aje azipoteze getini kwa mkewe ili iweje? Meseji zinafutwa kwenye foleni, Mandela unafuta hata picha za tangu mwaka juzi. Nimeongea kama mtaalamu.

#28 Nyanya Chungu
Screenshoti imepigwa, namtafuta mkeo.

#29 Mzee wa Ukweli Mchungu
Mtakuja kunikumbuka.

#30 Bint Muscat
Salaam. Mimi niko Oman, mume yuko Zanzibar. Kwa umbali huu nadhani mngesema sisi spesi tunayo hadi ya kugawa. Wapi. Tulikuwa tunalala simu iko hewani, kamera imewashwa, namwona anavyokoroma, huku tuko mbele kwa saa moja kwa hiyo mimi nalala kwanza yeye ananilinda. Akikata tu bando likiisha, mimi macho. Siku akaniambia mke wangu, ukiwa hapa Zanzibar ulikuwa huniulizi niko wapi, umekwenda maili zote hizo ndio unanishika kwenye kamera. Kweli, nikiwa nyumbani nilikuwa mimi ndie nanuniwa kwa kwenda sana kwa mama. Sasa mimi ni kundi gani hapo Mwalimu?

#31 Mwalimu wa Zamu
Bint Muscat wataalamu wenyewe wameshaacha kuweka watu kwenye vikapu, sasa wanapima kiasi, wasiwasi wako uko juu au chini, kukwepa kwako kuko juu au chini, na unaweza kuwa hivi kwa mume na vile kwa mama. Mwaka 1991 Bartholomew na Horowitz waliyafanya makundi yawe manne, wakaongeza yule anayetaka ukaribu na huku anauogopa, anakuita ukifika anafunga mlango.

#32 Kijana wa Makongo
Huyo wa nne ndiye niliyeishi naye.

#33 Nyanya Chungu
Stori ndo inaanza kutoka kidogo kidogo. Tuko hapa.

#34 Mwana wa Likoni
Huku kwetu Mombasa mume wangu akishuka feri apitie maskani kwanza, kahawa na kashata, mpaka isha. Nilikuwa nikilia. Siku moja hakupita, alikuja nyumbani saa kumi na mbili barabara, kaketi ananitazama nikipika, kila baada ya dakika aniuliza kwani chumvi hutii sasa? Wallahi kesho yake nilimtoa mwenyewe nenda maskani baba.

#35 Mama Wawili Tabata
Wakuu narudi na mrejesho. Jana nilifuata ushauri wa Bi Mkubwa kwenye namba 14. Sikumpokea kwa maneno, nilimwacha akakaa kwenye gari, akaingia, akaoga, akala. Watoto walipolala nikamuuliza, bila shari kabisa, ukiwa kule kwenye gari unawaza nini. Akanyamaza nikajua ndo basi. Halafu akasema, "Siwazi kitu. Nikiwa kwenye gari hakuna mtu ananihitaji."

Sikujua nijibu nini. Nimelala nayo hiyo sentensi na nimeamka nayo. Nusu yangu inamwonea huruma, nusu yangu inasema kwa hiyo sisi ni mzigo.

#36 Nesi wa Usiku
Dada hiyo sentensi usiipitie haraka. Hebu angalia na mengine. Anakula vizuri? Analala? Bado anafurahia mpira, anacheka na watoto? Kama vyote vimepungua hii inaweza isiwe habari ya mafungamano wala foleni, inaweza kuwa sonona. Wanaume wengi wa kwetu sonona yao haiji kwa machozi, inakuja kwa ukimya na hasira na uchovu usioisha. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe, hapana, hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kitengo, mtu anaongea na mtaalamu anarudi nyumbani kwake.

#37 Bachela wa Kudumu
Mtu kakaa kwenye gari lake mmeshampeleka hospitali.

#38 Nesi wa Usiku
Nimesema "hebu angalia", sijasema mfunge kamba.

#39 Fundi Wiring
Mimi hiyo sentensi nimeisoma kivingine. Huyo anadaiwa. Mtu akisema hakuna anayenihitaji maana yake huko nje kuna mtu anamhitaji sana na ana jina lake kwenye daftari. Nilikuwa na mkopo wa hizi programu za simu, wanapigia mpaka shemeji zako, nilikuwa nakaa chooni kazini naangalia ukuta. Mke akadhani simpendi. Muulize kuhusu hela kwa upole.

#40 Konda Mstaafu
Na mimi bado nasema kelele. Siku nzima simu za makontena, hataki kusikia "hebu njoo" nyingine. Mbona rahisi.

#41 Roho Mkononi
Mama Wawili, hapo kwenye "sisi ni mzigo" ndipo mimi huwa naharibu. Mke wangu akisema nimechoka mimi nasikia nimekuchoka. Kasema hakuna anayemhitaji, hajasema hawahitaji nyie. Ningekuwa mimi ningeshaandika meseji ya ukurasa saa hizi, kwa hiyo hongera kwa kuja kuandika huku badala ya kwake.

#42 Mama Wawili Tabata
😂 nilikuwa nimeshaianza, nimeifuta. Nesi anakula na anacheka na watoto, mpira ndo usiseme, Yanga wakicheza anakaa ndani toka mapema. Fundi la madeni sijui, nitauliza. Leo nimemwambia akae kwenye gari anavyotaka ila Jumamosi asubuhi watoto ni wake mpaka saa sita, mimi natoka. Akasema sawa. Hii "sawa" ilikuwa na sauti lakini.

#43 Nyanya Chungu
Unaenda wapi Jumamosi?

#44 Mama Wawili Tabata
Hata sijui. Labda nikae dukani peke yangu nisiuze.

#45 Mke wa Safari
Mimi nimesoma uzi wote kimya ila naona mnaongelea watu kama wako namna moja maisha yote, ndo maana naandika. Mume wangu alikuwa dereva wa malori, Dar kwenda Tunduma, Zambia, mpaka Lubumbashi, akikwama foleni ya mpakani Kasumbalesa ndio siku zinapita hivyo hivyo. Miaka yote hiyo mimi ndo wa kuganda. Nalia kwenye simu, namuuliza umekula wapi, umelala wapi, mbona nasikia sauti ya mwanamke, kumbe redio. Ndugu zake waliniita sumaku. Akirudi nyumbani siku chache hizo simwachi hata aende kunyoa.

Sasa ameacha safari, mgongo umekataa, yuko nyumbani moja kwa moja. Wakuu, nakosa hewa. Ananifuata jikoni, ananifuata sokoni, nikikaa na simu anauliza unaongea na nani. Amepanga sufuria zangu kwa ukubwa, kubwa chini ndogo juu, mifuniko kaifunga na mpira wa baiskeli isianguke kama mzigo wa lori. Nilichokililia miaka yote nimekipata na sasa mimi ndo natafuta sababu ya kwenda vikoba hata siku isiyo ya vikoba. Kwa hiyo Kijana wa Makongo niambie, nilizaliwa mwenye wasiwasi au mkwepaji?

#46 Kijana wa Makongo
Wewe ni yule wa nne.

#47 Mwalimu wa Zamu
Makongo usimpakazie mama wa watu. Mumewe katoka kwenye kazi iliyompa jina, yuko mgongo mbovu, hajui akae wapi, pengine safari hii yeye ndo ana hofu. Hizi nafasi za mfuasi na mkimbiaji zinaweza kugeuka.

#48 Bi Mkubwa Chumbageni
Mwanamme wa kustaafu apewe kazi nje ya nyumba, hata kama haina faida. Wa kwangu nilimfungulia genge la mkaa. Mkaa wenyewe hakuuza sana lakini mimi nilipona.

#49 Konda Mstaafu
Mpeleke stendi ya malori awe anawashauri vijana. Dereva mzee anaheshimika, atarudi jioni ana stori.

#50 Fundi Wiring
Ila sufuria kubwa chini ndogo juu yuko sahihi.

#51 Nesi wa Usiku
Mke wa Safari jaribu ile ya namba 20 kwa upande wako, mpe saa. "Nipe mpaka saa kumi nipike peke yangu, saa kumi tunakunywa chai wote." Wewe ndo unajua kusubiri simu isiyo na saa kunavyouma.

#52 Mke wa Safari
Nesi nilishamwambia. Saa kumi kasoro tano amesimama mlangoni na vikombe viwili.

#53 Jembe la Kigamboni
Mama fungua uzi wako, huu ni wa mwenzio wa Tabata, bisi zimeniishia.

#54 Mke wa Safari
Nifungue saa ngapi na yeye kasimama hapa nyuma yangu anauliza nacheka nini.